Mvua imekukuta Malindi na van ya kulala: mwongozo kamili wa kuimaliza siku ukiwa mkavu

Kama una mpango wa kushuka pwani na van, iwe ni HiAce uliyotoa viti ukatia kitanda, iwe ni Noah ya kukunja viti au hizo kubwa za kukodisha zenye sinki na jiko, jua kwamba kati ya mwezi wa nne na wa sita mvua haikuulizi. Mwezi wa tano ndio wenyewe, masika imeiva, hapa Malindi yaweza kunyesha usiku kucha mpaka alfajiri halafu saa nne watu wanatafuta miwani ya jua. Vuli nayo ipo, mwezi wa kumi mpaka wa kumi na mbili, kawaida huwa nyepesi zaidi ila ya 2023 ilikuja na El Niño ikakata barabara, nitafika huko.

Sasa wageni wengi wakiona mawingu wanasema leo hakuna kuogelea basi tuwashe gari twende zetu Lamu. Mimi nasema kinyume kabisa. Siku ya mvua ni siku ya kuegesha. Gari ndefu, nzito, ina mtungi wa gesi na vyombo vinagongana nyuma, na barabara ina madimbwi usiyoyajua kina, unakimbilia wapi? Na kazi yote ya siku hiyo, karibu yote, inafanywa jana yake jioni kukiwa bado kukavu.

Hatua ya 1: Jioni ya kabla

Angalia utabiri wa idara ya hali ya hewa kwenye simu, wanatoa wa kila siku na wa wiki, lakini usiishie hapo. Shuka pale ufuoni mashua zinapofungwa, salimia wazee, uliza tu "vipi bahari kesho?" Mvuvi akikwambia kesho hatoki na wewe usitoke. Kusi inavuma kuanzia mwezi wa nne hivi mpaka wa tisa, bahari inachafuka, mwani unajaa ufuoni, na mto Sabaki ukijaa unamwaga tope hapo kaskazini mwa mji mpaka maji ya ghuba yanageuka rangi ya chai ya maziwa. Kwa hivo ile picha ya maji ya buluu uliyoiona mtandaoni isahau kwa siku hizo, na usikasirikie mji.

Uliza na maji, ni bamvua (yanajaa na kupwa sana) ama ni maji mafu (yanajaa kidogo)? Bamvua huja mwezi mwandamo na mwezi mpevu, tofauti ya kupwa na kujaa hapa kwetu inapita mita tatu, na ukichanganya na upepo wa kusi maji yanafika mahali ambapo mchana ulikuwa unaona mchanga mkavu kabisa watoto wanacheza mpira.

Halafu jaza kila kitu. Mafuta tangi zima, maji ya kunywa angalau lita 20 kwa watu wawili, simu na powerbank, na pesa taslimu kidogo manake mvua kubwa ikija stima hupotea na mtandao nao unayumba, M-Pesa ikigoma mama wa mahamri atakuhurumia lakini hawezi kukulisha bure kila siku. Chukua seti moja ya nguo kavu kwa kila mtu uitie ndani ya ndoo yenye kifuniko cha kubana. Ndoo, sio mifuko ya plastiki ya kubebea, ile ilipigwa marufuku Kenya tangu 2017 na hata hivo huwa inatoboka. Angalia wipa, ule mpira wake ukiwa umekauka kwa jua la pwani utakuwa unapaka maji kwenye kioo badala ya kuyatoa. Wipa mpya ni bei ya chakula cha mchana, usibane hapo.

Hatua ya 2: Wapi utaegesha (hii soma pole pole)

Hapa ndio siku inaharibika au inatengenea. Kitu cha kwanza ni ardhi. Upande wa kusini wa mji, Casuarina kwenda mpaka Watamu, chini kuna mwamba wa matumbawe, maji yanazama haraka, asubuhi unakuta udongo umenyonya kila kitu. Ukivuka daraja la Sabaki kwenda Mambrui na Gongoni mambo ni mengine, kuna sehemu tambarare za udongo wa mfinyanzi na maeneo ya mashamba ya chumvi, gari ya tairi mbili za kuvuta ikilala hapo usiku wa mvua asubuhi inataka trekta. Kwa hivo kama uko upande huo na wingu linakuja, rudi mjini mapema.

Usiegeshe ufuoni. Najua, ndio sababu ulinunua van, uamke uone bahari, lakini mchanga uliolowa chini ya gari ya tani mbili na nusu unakaza ukiwa umesimama na unakukatalia ukitaka kuondoka, na bamvua haina adabu. Usiegeshe chini ya mnazi. Hili wapwani hawahitaji kuambiwa ila wageni wanapenda sana kivuli cha mnazi, upepo wa kusi unaangusha nazi na makuti makavu, na nazi moja inatosha kumaliza kioo cha mbele au kichwa cha mtu. Mivinje nayo inatupa matawi. Kaa uwanjani, mbali na mti kwa urefu wa mti wenyewe. Na usilale pembeni mwa barabara kuu hata kama kuna nafasi, usiku wa mvua malori hayakuoni.

Tafuta compound yenye geti. Hoteli ndogo nyingi msimu huo hazina wageni, parking iko tupu, na choo kipo. Usipige honi. Shuka, enda kwa mlinzi na lugha nzuri: "Shikamoo mzee, twaomba kulaza gari hapa mpaka mvua ipite, twalipa, na hatuwashi moto wa kuni." Hilo la moto litaje mwenyewe kabla hujaulizwa kwa sababu nyumba nyingi hapa zimeezekwa makuti na ndio wasiwasi wao mkubwa. Mpelekee chai asubuhi. Atakuonyesha maji yanapokusanyika, manake yeye ndiye aliyekaa hapo misimu yote.

Sasa mwelekeo wa gari, na hapa watu hawafikirii kabisa. Van nyingi tulizonazo zimetoka Japani, mlango wa kusukuma uko kushoto. Wakati wa kusi upepo na mvua vinatoka kusini na kusini mashariki. Bahari iko mashariki. Ukielekeza pua baharini, mlango wako wa kushoto unatazama kaskazini, yaani unatazama Lamu, na mvua inapiga pua na ubavu wa dereva ambao umefungwa. Unafungua mlango unakaa na kikombe chako na hulowi. Msimu wa kaskazi unageuza: mgongo baharini, mlango Mombasa. Pua baharini mlango Lamu, mgongo baharini mlango Mombasa, basi umemaliza. Halafu tafuta mwinamo kidogo tu, ubavu wa mlango uwe juu kidogo kuliko ule mwingine, ili maji ya juu ya paa yateremkie upande usioutumia na yasikusanyike kwenye kile kidirisha cha paa.

Hatua ya 3: Turubai

Nunua turubai zito lenye matundu ya chuma pembeni, la kama mita tatu kwa nne, na kamba. Kamba ya makumbi ukiipata ni nzuri sana, maji ya chumvi haiyaogopi na fundo lake halitelezi likilowa, ya manila pia sawa. Ubavu mmoja funga kwenye reli ya paa la van, ubavu wa pili kwenye miti miwili ya boriti uliyoizika au milango ya geti, chochote kilicho imara. Ule wa nje uwe chini kuliko ule wa garini kwa zaidi ya urefu wa kiwiko, na kona moja iwe chini kuliko zote. Hiyo kona moja ndio siri yake, maji yote yatakimbilia hapo, na chini yake unaweka ndoo.

Hayo maji usiyadharau. Visima vingi vya Malindi maji yake yana chumvi chumvi, sabuni haitoi povu, chai inakuwa na ladha yake. Acha dakika kumi za mwanzo zioshe vumbi la turubai, baada ya hapo kinga. Ya kuogea na kuoshea vyombo yatumie hivo hivo, ya kunywa yachemshe.

Kamba zinazotoka kwenye turubai kuja garini zitakuletea maji hadi mlangoni, tone baada ya tone. Funga kipande cha kitambaa katikati ya kamba kining'inie, maji yakifika hapo yanashuka nacho chini. Na kila mvua ikizidi inuka na fimbo ya ufagio usukume tumbo la turubai kutoka chini, ukiacha likajaa linapasua matundu yote na utakuwa umeoga bila kupenda.

Kama paa linavuja tayari, usijaribu kupaka silikoni mvua ikiendelea, haishiki kwenye bati lililolowa na inataka siku nzima kukauka. Futa kwa kitambaa kikavu, bandika tepu pana ya kitambaa kutoka nje ukiweza, weka sufuria ndani, na fundi umuone kukikauka. Jaribio la uvujaji linafanywa nyumbani kabla ya safari, mtu mmoja juu na mpira wa maji na mwingine ndani na tochi, pole pole, dirisha kwa dirisha. Mara nyingi maji hayaingii pale unapoyaona yakidondoka, yanaingilia mbele kwenye skrubu za reli au za sola halafu yanatembea chini ya kapeti ya paa.

Hatua ya 4: Unyevu, adui aliye ndani

Mvua ya nje mtu anaizoea. Kinachokufukuza ni jasho la gari. Watu wawili wamelala, vioo vimefungwa, joto la pwani, asubuhi godoro limelowa upande wa chini na ukungu mweusi unaanza. Lazma hewa ipite, hata kunyeshe vipi. Acha dirisha moja la upande wa mlango (ule usiopigwa na upepo, si tumekubaliana) wazi kiasi cha vidole viwili na kidirisha cha paa kikiwa kimenyanyuliwa kidogo, vyote viwe na wavu wa mbu. Zile plastiki za kukinga mvua zinazobandikwa juu ya madirisha ya mbele zinasaidia sana, ni bei rahisi na matatu zote zinazo.

Godoro lisilale moja kwa moja kwenye mbao bapa, liwe juu ya chaga zenye nafasi. Nguo mbichi hazianikwi ndani, hata chupi, zinaenda chini ya turubai. Taulo ziache nyumbani uje na leso, jozi ya leso inakausha mtu mzima na inakauka yenyewe kwa upepo tu, taulo zito siku ya mvua linakaa na harufu mpaka Mombasa. Mlangoni weka mkeka wa zamani na beseni la maji, kila anayeingia anaosha miguu kwanza, mtu mzima na mtoto, hakuna cha haraka. Mchanga uliolowa ukiingia kwenye reli ya mlango wa kusukuma utausikia unasaga, na rola za mlango huo si za kupatikana kila duka.

Hatua ya 5: Kupika, na onyo ambalo halina mzaha

Jiko la mkaa haliingii garini. Sio likiwa linawaka, sio likiwa limebaki majivu ya moto, sio "dakika tano tu tupate joto". Mkaa unatoa kaboni monoksaidi, haina harufu wala rangi, mtu anasinzia na hamki. Gesi nayo inapikiwa mlango ukiwa wazi na mtu macho, mtungi umesimama wima, na ukimaliza unafunga pale juu ya mtungi sio kwenye jiko peke yake. Kizuri zaidi ni kutoa lile jiko la mtungi wa kilo 6 nje, chini ya turubai upande wa mlango, ukalizungushia kibati upepo usilizime. Angalia tu turubai liwe mbali juu ya moto.

Asubuhi usipike. Enda kwa mama anayekaanga mahamri, mvua au jua yupo, chukua na mbaazi za nazi zilizoiva tayari. Mbaazi kavu kuzichemsha mwenyewe ni kuchoma gesi saa nzima na zaidi kwa kitu ambacho mwenzako amekimaliza tangu alfajiri. Wewe chemsha chai tu, ya rangi, tangawizi uiponde na gamba lake, iliki mbili.

Mchana ndio pika, manake una saa za kupoteza. Chakula cha siku ya mvua kwangu ni muhogo wa nazi na sikubali mjadala. Menya muhogo, pasua vipande, toa ule uzi wa katikati, osha. Kaa kwenye kibao cha mbuzi pale mlangoni chini ya turubai ukune nazi mbili kubwa, kuna ukizungusha mkono na uishie ukiona weupe unakaribia kuisha, ukifikia ganda la kahawia tui linakuwa na uchafu. Kamua kwa maji ya vuguvugu kidogo upate tui zito, liweke kando, kisha maji mengine upate jepesi. Muhogo unachemka na tui jepesi, chumvi, kitunguu, pilipili mbuzi nzima isiyopasuliwa, mpaka uchome kisu kipite bila ubishi. Hapo ndio tui zito linaingia, moto chini, unakoroga taratibu upande mmoja na hufuniki, ukifunika na moto mkali tui linakatika na unabaki na mafuta juu na maji chini. Dakika chache likianza kunata zima. Ndimu. Kama mvuvi alikuuzia changu jana mkaange pembeni, kama hukupata basi, muhogo peke yake unatosha na usingizi wake ni wa uhakika.

Hatua ya 6: Umeme wa betri

Hesabu hii fanya kabla. Betri ya maji ya 12V yenye Ah 100 (ampea-saa) ina kama Wh 1200 (wati-saa, yaani wati mara saa), lakini ukitaka idumu unatumia nusu, Wh 600. Friji ndogo ya W 45 ikifanya kazi nusu ya siku inakula karibu Wh 540. Yaani friji peke yake imemaliza akiba yako, na paneli ya W 100 ambayo siku ya jua kali ilikuwa inakurudishia kama Wh 400, siku ya wingu zito inakupa kitu kidogo cha kuchajia simu. Kwa hivo mvua ikikaza zima friji mapema ukiwa bado na betri, usingoje ikate yenyewe. Nunua barafu pale samaki wanapouzwa, itie kwenye kisanduku cha baridi, nyama na samaki pika siku hiyo hiyo. Balbu za LED na feni ndogo hazina shida, feni utaihitaji kuliko friji. Ukiwa na waya wa kuchaji kutoka kwa injini, safari fupi inasaidia, ila usiwashe injini ukiwa umeegesha na watu wamelala nyuma, sababu ni ile ile ya mkaa.

Hatua ya 7: Ukilazimika kuendesha

Mgonjwa, ndege, kazi, sawa, kuna siku huna budi. Malindi mpaka Mombasa ni kama kilomita 120 za lami. Mvua ya kwanza ndio mbaya zaidi ya zote, vumbi na mafuta ya magari vinachanganyika na maji juu ya lami. Washa taa kubwa za chini, hazadi usiziwashe ukiwa unatembea, walio nyuma hawajui kama umesimama au unakata kona. Bodaboda wengine wana mwavuli mkubwa mbele na hawaoni pembeni, tuktuk wengine taa ya nyuma ni historia. Fuata alama za tairi za matatu iliyo mbele yako kwa umbali, dereva wake anayajua mashimo kwa jina.

Kwenye maji yanayopita juu ya barabara, simama. Maji yanayokwenda kasi ya kina cha sentimita 30 tu yanatosha kuibeba gari ndogo, sentimita 60 yanabeba hata van yako na muhogo wako. Huoni lami, hupiti. Hata lori likipita mbele yako sio ruhusa, lori lina uzito mara kadhaa ya wako na bomba lake la moshi liko juu. Injini ikizimika ndani ya maji usipige stata tena, maji yakiwa yameingia kwenye silinda unakunja konrodi (fimbo za pistoni) na hapo umenunua injini. Toka, sukumeni, fundi afungue plagi kwanza. Ukitoka salama kwenye dimbwi, kanyaga breki kidogo kidogo huku ukienda pole zikauke.

Mwezi wa kumi na moja 2023 barabara ya Mombasa kuja Malindi ilikatika hapo kwenye daraja la Mbogolo, na upande wa Garsen kwenda Lamu maji ya mto Tana yakafunika barabara sehemu ya Lango la Simba, watu wakavushwa kwa maboti. Kumbuka mvua haikuwa lazma iwe inanyesha hapo. Sabaki ni maji ya Athi yanayotoka huko bara Nairobi na Machakos, Tana anatoka milima ya kati, kwa hivo unaweza kuwa na jua zuri Malindi na mto unapanda. Kama unaelekea Lamu, safari inapita kilomita 200 mpaka Mokowe, gati la bara unapopandia boti, usiulize mtandao peke yake, enda stendi ya mabasi asubuhi uongee na madereva waliotoka Garsen usiku huo. Watakwambia maji yamefika wapi na hali ya usalama ikoje, manake barabara ile ina vizuizi vya polisi na kuna vipindi magari yanapita kwa utaratibu wao. Toka asubuhi ufike mchana, usitembee usiku. Van inabaki Mokowe kwenye sehemu ya kuegesha yenye ulinzi, kule kisiwani mitaa ya Amu, mji wenyewe wa Lamu, ni ya miguu na punda, hata ungependa vipi haiingii. Boti wakati wa kusi linarusha maji, vaa jaketi la kuokolea ulifunge vizuri, simu ndani ya ile ndoo.

Na Marafa, lile bonde la Nyari lenye miamba ya rangi rangi, usiende siku ya mvua. Lile bonde lenyewe limechimbwa na maji ya mvua na bado yanaendelea kulichimba, kingo zinamomonyoka, na njia ya kushukia inakuwa utelezi mtupu. Lisubiri jua la jioni siku nyingine, ndio uzuri wake.

Hatua ya 8: Mvua ikitulia kidogo

Karibu kila siku kuna mwanya, na huo mwanya utumie. Tuktuk, sio van, gari ukiitoa umepoteza nafasi yako nzuri na ile hesabu ya mlango. Makumbusho ya Malindi yako mjini na yana paa, na hapo karibu kuna kikanisa kidogo cha Wareno. Ile nguzo ya Vasco da Gama aliyepita hapa 1498 iko wazi kabisa kwenye rasi, radi ikiwepo ipige picha kwa mbali. Wataliano wametuachia mikahawa ya kahawa nzito na pizza, ukichoka kukaa garini agiza kikombe kimoja ukae nacho saa mbili, msimu huo hakuna wa kukuharakisha.

Ila nikichagua moja nachagua magofu ya Gede, baada ya mvua, nyote mmevaa viatu vya kushika. Yako njia panda ya Watamu, na 2024 yaliingizwa kwenye urithi wa dunia wa UNESCO. Msitu unadondosha maji, kuta za matumbawe zinakuwa nyeusi, na ndio siku pekee utaangalia ile mifereji na visima vyao kwa macho ya mtu mwenye turubai, utaona wale watu walikuwa wanajua maji yaende wapi karne nyingi kabla yetu. Kima wapo, usitoe ndizi mfukoni.

Wadudu, kwa ufupi

Jioni ya mvua kumbikumbi wanafuata taa, zima ya ndani na uwashe moja nje mbali na mlango. Jongoo hana neno, mtoe tu. Tandu anauma vibaya, kwa hivo viatu vilivyolala nje vipigwe pigwe kabla ya kuvaliwa. Malaria ipo pwani, neti yenye dawa ichomekwe chini ya godoro pande zote, na ukipata homa wakati wa safari au hata wiki kadhaa baada ya kurudi bara, enda ukapimwe siku hiyo hiyo na umwambie daktari ulikuwa pwani.

Hatua ya 9: Ikikata

Fungua milango yote, toa godoro lisimame juani, kunja chaga. Turubai usilikunje likiwa bichi, ukilazimika basi jioni hiyo lifungue tena. Watu wanadhani mvua imewaoshea gari, imeosha juu tu, chini kumejaa tope la chumvi na ndio kutu inapoanzia, kwa hivo tafuta kuoshea magari wakupigie maji matamu kwa presha chini, kwenye matao ya magurudumu na reli ya mlango. Chomoa kijiti cha oili, ikiwa nyeupe nyeupe maji yameingia, usiwashe, muite fundi. Angalia mikanda na betri. Raba za milango zikaushe kwa kitambaa halafu zipake poda ya mtoto, zisigande na kuchanika siku utakayoharakia kufungua.